Maji Yaliyofika Kizingiti cha Msikiti

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, anayewakutanisha kwa kalamu waliotenganishwa na safari. Assalaam alaykum, mjukuu wangu Rehema. Hapa Kyela tu wazima. Mpunga umechanua, na shangazi yako amejifungua binti.

Umeniuliza uwafundisheje wanafunzi wako wasitegemee chanzo kimoja waandikapo hoja. Nimekumbuka insha yangu ya darasa la saba. Niliandika kwamba mafuriko yaliwahi kufika kizingiti cha msikiti wetu, kwani marehemu mama alinisimulia. Wenzangu walicheka: "Hizo hadithi za jikoni, mwalimu!" Nikaongeza ushahidi wa kaka na mjomba. Mwalimu akauliza kwa upole, "Hao nao walisikia kwa nani?"

Walisikia kwa mama. Niliumia, kana kwamba ameitwa mwongo kaburini.

Nikaenda Bujonde kwa bibi mmoja Mkristo, aliyewahi kuishi jirani na msikiti. "Ndaga, asante mwanangu, umefanya vema kuja," akasema. "Maji yalifika pale. Nilimwona mama yako akivuka na mikeka ya msikiti kichwani, huku akiimba ili ninyi watoto, mngali wadogo mno kukumbuka, msiogope."

Niliuongeza ushahidi wake, na mwalimu akaisoma insha ile darasani, wala hakucheka mtu. Lakini mimi nilibaki na ule wimbo, ambao mama hakuwahi kunitajia.

Njoo, Rehema. Marehemu bibi yako namkumbuka peke yangu katika nyumba hii, nawe unayajua mambo yake nisiyoyajua.

Mola akuhifadhi, aijaze nyumba yako utulivu, na awabariki wote wanaokula mezani pako.

Babu yako, Kyela.