Shimo Nililoacha Atacama

Mwaitu, mama yangu,

Umeamkaje huko Kathonzweni? Magoti yamepata nafuu? Mimi ni mzima, na pikipiki pia, ile uliyosema itaniua.

Leo nimekuaibisha katika jangwa la Atacama, huku Chile. Nilikuwa nimebakisha maji nusu chupa, na jua ni kali kama la Oktoba kwetu, kabla ya mvua. Nikaona mto mkavu wenye mchanga mweupe, sawa kabisa na wetu wa nyumbani, ule unaoficha maji chini ya mchanga. Nikafurahi kama mtoto. Nikapiga magoti, nikachimba na sahani vile ulinifunza. Nikafika kiwiko, nikafika bega. Mchanga ulikuwa mkavu kama unga.

Mama mmoja akapita na mbuzi wake na punda. Kihispania changu ni cha kuombea petroli tu, lakini swali lake nililielewa: "Unazika nini?" Nilipomwonyesha chupa, alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwa mikono kwamba mto huo haujaona maji tangu azaliwe. Kisha akanijazia chupa kutoka kwa mtungi uliokuwa juu ya punda wake.

Wakati wa kuondoka nilijikuta nikitafuta matawi ya miiba nizungushie shimo, kama tunavyofanya nyumbani ili mbuzi wasichafue maji. Maji gani, Mwaitu? Na huku hakuna hata kijiti. Nikalizungushia mawe. Yule mama alinitazama, na safari hii hakucheka.

Nikirudi twende mtoni sisi wawili. Wewe utakaa kivulini, mimi nitachimba.

Mtoto wako,
Kyalo