Baada ya Mto wa Pili

Wekesa, ndugu yangu,

Huku Woodley mvua imeanza leo, ile ya manyunyu isiyojua inataka nini. Nimerudi kazini viatu vimelowa, nimekaa jikoni na koti langu, nikaona heri nikuandikie kabla sijajitafutia shughuli nyingine. Ungeniona ungecheka. Mtu aliyekuwa akivuka mito ya Mlima Elgon miguu mitupu sasa ananung'unikia dimbwi la Ngong Road.

Tangu tukuzike, hakuna mengi yaliyobadilika. Ng'ombe wako mweupe amezaa ndama jike. Mama bado anakataa kuja Nairobi, anasema hawezi kulala mahali ambapo hasikii jogoo wake mwenyewe. Mimi bado ni karani mjini, na dirisha langu la ofisini bado linatazama ukuta wa jengo lingine. Nikitaka kuona mlima lazima ningoje Jumamosi niende upande wa Karen, na kusiwe na ukungu, ndipo nione vilima vya Ngong. Uliwahi kuniuliza kwenye simu kama navyo ni mlima. Nilijikanyaga-kanyaga, ukasema, "Basi usituringie."

Mwezi uliopita nilienda kuvipanda. Watu wa kanisa letu walipanga matembezi, nikawa wa kwanza kutoa jina. Unanijua, hatujatoka hata mbali na magari mimi nilikuwa mbele. Upepo ulikuwa baridi, nyasi zimelalia upande mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu ufe nilihisi magoti yangu yamekumbuka kazi yao. Nilikusikia kabisa ukinitania, "Nanjala, kutangulia si kufika." Nikafika mahali njia inapogawanyika. Moja inafuata mgongo wa kilima, nyingine ni ya mbuzi, inateremkia bondeni. Sikufikiri hata kidogo. Nilivunja tawi lenye majani, nikalilaza katikati ya ile ya mbuzi, nikaenda zangu. Kama tulivyofundishwa na Baba: anayetangulia anaifunga njia isiyofaa, anayefuata akikuta tawi anapita kwingine.

Wenzangu wakaja, wakaliona tawi, wakafurahi. Walidhani nimewawekea alama ya kufuata. Wote wakateremka na njia ya mbuzi, wazee kwa vijana, na sufuria ya pilau juu. Mimi niko kileleni nakula njugu, nashangaa hawa watu wamelala wapi, ndipo simu ikalia. Alikuwa Mama Brian, jirani yangu. "Nanjala, si ni wewe umetuwekea alama tushuke huku? Tumefika kwa boma ya wenyewe na kuna mbwa!" Walinicheka mpaka tukarudi Karen. Nami nilicheka, maana kweli ilichekesha.

Jioni nilipokuwa nafua soksi ndipo nililia. Sikuwa nimemwekea Mama Brian lile tawi, wala mtu mwingine pale. Nilikuwa nimekuwekea wewe. Mikono yangu ilikuwa bado haijapata habari kwamba huko nyuma yangu huji tena. Nilikaa na beseni mbele yangu mpaka maji yakapoa.

Najuta, Wekesa. Kila Krismasi tulisema mwaka huu tunapanda, tufike kwenye mianzi, tumletee Mama malewa, yale machipukizi ya mianzi, kama zamani. Kila Krismasi kukawa na mvua, au harusi ya mtu, au likizo yangu imekatwa. Hatukuwa wavivu, tulidhani tu kwamba mlima hauendi popote, na kweli haukwenda. Ni wewe uliyekwenda.

Krismasi ile ya mwisho miguu yako ilikuwa imevimba, hukuweza kufika zizini bila kupumzika. Tukakaa nje ya jiko la Mama, ukasema, "Basi tupande kwa mdomo." Ukaanza. Tunatoka na gambuti za Baba na gunia, tunapita nyuma ya shamba la chai, mto wa kwanza tunavukia kwenye jiwe bapa, halafu ule mpando wa majani yanayowasha ambapo mimi hulalamika. Ukaniiga sauti yangu nikilalamika. Kisha mti wa podo uliopasuliwa na radi, kisha mto wa pili. Hapo nikasikia chai inafoka jikoni, nikainuka kuiepua. Niliporudi na vikombe ulikuwa umeshafika kwenye mianzi, unasema, "Umekawia, mimi nimeshajaza gunia." Tukanywa chai.

Siku hizi, nikitoka kazini kwa miguu, naipanda ile njia huku nashuka Ngong Road. Natembea na watu wote wale wanaorudi nyumbani, hakuna anayejua mimi niko kwenye majani yanayowasha. Lakini kila mara nakwama palepale. Nikivuka mto wa pili, sijui tunapinda wapi. Wakati mwingine naona tulikuwa tunafuata maji kwenda juu, wakati mwingine naona tulikuwa tunayaacha, tunashika kulia kwenye mawe. Ulikuwa ukitangulia wewe sehemu hiyo, mimi nilikuwa natazama visigino vyako tu. Nimempigia Mama simu nikamuuliza. Akasema, "Mimi nilikuwa nangoja malewa hapa nyumbani, mwanangu. Njia ilikuwa yenu." Majirani nao hupitia barabara ya kiwanda cha mbao, ile ya kwetu Baba aliikata mwenyewe, akatuonyesha sisi wawili. Baba hayupo, nawe hupo. Nimebaki mimi na nusu ya njia.

Ningeiacha ile chai imwagike yote. Ingezima moto, Mama angegomba, mimi ningekuwa nimekaa nakusikiliza.

Likizo ya Desemba nimeshaiomba, na safari hii hata ikikatwa nitaenda. Nitapanda, ndugu yangu, nakuahidi. Nikifika mto wa pili nitajaribu upande mmoja, upande huo ukinikatalia nitarudi nijaribu mwingine, hata kama itachukua siku nzima. Mama amesema atabandika sufuria ya njugu za kusaga za kuungia malewa na kuningoja. Nitakupitia kaburini asubuhi kabla sijaondoka, na nikirudi nitakupitia tena.

Pumzika sasa. Usinihofie kupotea, hata mimi silihofii hilo. Ninachoogopa ni kufika kwenye mianzi, nigeuke nikuambie tumefika.

Ni mimi dada yako,
Nanjala