Nanyokie si Bibi Yake

Dada Upendo,

Nimemlipiza kisasi Zefania. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, kila kitabu ulikianzia ukurasa wa mwisho. Kazini sijui kama watanibakiza, lakini nimemlipiza, tena mbele ya nchi zote.

Unalikumbuka lile shindano la nyimbo la nchi na nchi, tulilokuwa tunaliangalia kwenye televisheni ya dukani kwa Mama Glory, pale barabarani Maji ya Chai? Kila nchi inaleta wimbo mmoja, kila nchi inazipa nyingine kura, na hakuna inayoruhusiwa kujipigia yenyewe. Tukipanda kurudi nyumbani tulilirudia bandani. Wewe ulikuwa waimbaji wa nchi zote, mimi msoma kura. Ulinisimamisha juu ya ndoo iliyopinduliwa ukaniambia, "Sema kwa sauti, Tumaini, kura hazinong'onwi." Nilikuwa naogopa hata kuwasomea ng'ombe.

Mwaka huu nchi yetu iliingia shindano hilo na wimbo wako. Kwenye kioo paliandikwa kwamba mtunzi ni Zefania.

Nadhani unaikumbuka siku aliyouchukua. Ulikuwa umelala chumba cha mbele, mguu umevimba, na yeye akaja kukuona kama mpiga kinanda mwema wa kwaya yako. Alileta machungwa. Akakuomba umwimbie chochote, akaweka simu juu ya mto. Nilikuwa jikoni nakoroga uji wako, nikasikia unamwimbia ule wimbo wako wa kukamulia. "Nanyokie, usinifiche, ulichonacho ni chetu sote." Sauti yako ilikuwa imebaki nyembamba, lakini ulipanda na kushuka kila panapotakiwa. Akakuuliza Nanyokie ni nani. Ukamjibu, "Ni mmoja wetu hapa nyumbani. Mkaidi, ila nampenda."

Alipoondoka ulicheka mpaka ukashika mbavu. Nilitaka kumkimbilia nimweleze kwamba ni yule ng'ombe mwekundu Baba aliyemnunua mnadani Kisongo, aliyekuja na jina lake la Kimasai na tabia yake ya kubana maziwa mpaka aimbiwe. Ukanizuia. "Mwache ahangaike kidogo."

Dada, amehangaika.

Siku ya kukuzika alilia kuliko wajomba. Alishika kipaza sauti akasema wewe ndiye uliyemfundisha muziki, na Mama akamshukuru, akaagiza apewe kiti mbele. Kile kiti huwa nakiota.

Baada yako Nanyokie alizaa, akamkatalia Mama maziwa. Ndama alipata, sisi hatukupata kitu. Mama alijaribu kuimba lakini kila akifika kwenye jina alikuwa anakatika. Halafu asubuhi moja yule jirani yetu, Mzee Nderingo, alikuwa anapalilia migomba huku redio yake imetundikwa kwenye uzio, na wimbo ukaanza. Vinanda vingi, ngoma, sauti ya mwanamume. Nanyokie akaacha kula. Masikio yakasimama, na kabla Mama hajamgusa, chuchu zikaanza kudondosha. Mama alikamua huku analia, akijua hiyo ni tuni ya mtoto wake. Ng'ombe alikuwa amekutambua kabla yetu.

Nilikwenda kwa Zefania, studioni kwake, mjini. Nilivaa shati la kazini ili nionekane mtu. Akaninunulia soda. "Mdogo wangu," akaniambia, "wimbo ni hewa. Dada yako alinipa. Na wewe karani wa mkataba, mkubwa wako ni rafiki yangu, usijiharibie." Nikasema sawa, kaka. Nikashukuru kwa soda, Dada. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najibu yale ambayo ningemjibu.

Kisha akahojiwa kwenye televisheni. Akaulizwa Nanyokie ni nani, akainamisha kichwa. Akasema ni bibi yake mzaa baba, aliyefariki huku amemshika mkono. Mtangazaji akafuta machozi. Mama aliniangalia, nikamwangalia, na Mama, ambaye hakuwa amecheka tangu tukuzike, akaenda nje kucheka.

Pale ndipo nilipoacha kumwogopa. Hapana, nisikudanganye. Naendelea kumwogopa, lakini chuki imekua ikaizidi hofu.

Waandaaji walitaka mwaka huu kura za kila nchi zisomwe na mtu wa kawaida, si msanii. Kura zetu zilikuwa zisomwe kutoka Arusha, kwenye ukumbi wa mikutano ninakofanya kazi, na mkubwa wangu alimhitaji mtu mwenye Kifaransa safi asiyekuwa na maneno mengi. Akanitaja mimi. "Tumaini ni mtulivu," akasema. Watu wengi wananiona mtulivu. Ni woga.

Jioni ile walinipaka poda, wakanisimamisha mbele ya dirisha ili Mlima Meru uonekane nyuma yangu, wakanitia kitu sikioni cha kunipa maelekezo. Nilimwona Zefania kwenye kioo kidogo, ameketi na wenzake kule shindanoni, suti nyeupe. Wakasema, Arusha, tunawasikia. Nikakumbuka utaratibu wako, ule uliotupigia kelele kila Jumamosi kanisani, kwamba kwaya haifungui kinywa kabla mmoja hajasogea mbele akataja wimbo na aliyeutunga. Mara ngapi ulinisukuma mgongoni nisogee? Niliuhisi ule mkono.

Nikasema, "Habari za jioni kutoka Arusha. Kabla ya kura, wimbo wa nchi yetu umetungwa na dada yangu Upendo, mwalimu wa kwaya wa Maji ya Chai, ambaye ni marehemu. Nanyokie si bibi wa mtu. Ni ng'ombe wetu. Yuko hai, na Zefania anakaribishwa kuja kumsalimia."

Sikioni mtu akawa anasema, "Kura tu, Tumaini. Soma kura." Nikasoma kura. Zote, kwa sauti, Kiswahili halafu Kifaransa, bila kukosea nchi hata moja. Kule kwenye ukumbi wa shindano walikuwa wameanza kucheka, na kamera ikamtafuta Zefania ikakaa naye. Nilitazama ule uso, Dada. Nilitazama mpaka walipozima.

Wimbo wako ulishika nafasi ya tatu. Nililia kwa sababu ulistahili kushinda, nikafurahi kwa sababu yeye hakushinda. Vyote viwili kwa wakati mmoja, na sikuona aibu kwa kimoja wala kingine.

Kilichonikosesha usingizi ni wewe. Niliogopa nimekugeuza kichekesho, kwamba watu waliolia kwa wimbo wako sasa watakumbuka ng'ombe tu. Nikamuuliza Mama. Akasema, "Upendo angewauliza wao huwa wanamwimbia nani vizuri hivyo."

Zefania akatangaza kwamba mimi ni mwongo mwenye wivu. Waandaaji hawakutaka maneno matupu, wakasema suala hili limalizwe. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akasema atakuja nyumbani na waandishi wa habari amwimbie huyo ng'ombe, watu waone kwamba mnyama haujui wimbo wake.

Walikuja na magari mawili. Uwanja wetu ulijaa mpaka kwenye miti ya kahawa. Mama alimsafisha Nanyokie kama wa kwenda harusini, ndama tukamfungia mbali kwa Mzee Nderingo. Zefania alisimama bandani na viatu vyake vyeupe, akaanza kuimba. Lakini alikuwa mjanja, akaimba wimbo wake mwingine, ule wa mapenzi. Nanyokie akaendelea kutafuna. Zefania akageukia kamera, akafungua mikono. Nikaona watu wanaanza kutikisa kichwa, nikajua nimekwisha.

Mzee Nderingo akasema taratibu, ameegemea jembe lake, "Baba, huo siujui hata mimi. Tuimbie ule wa bibi."

Watoto wakadakia. "Wa bibi, wa bibi." Waandishi nao wakataka ule wa shindano. Hakuwa na pa kukimbilia. Akauimba, na kwa kuwa kamera zilikuwa zinamwangalia aliuimba vizuri, unajua hawezi kuimba vibaya mbele ya watu. Kila alivyopendeza ndivyo alivyojishtaki. Hata hakufika ubeti wa pili. Nanyokie aliacha kula, masikio yakasimama, na maziwa yakaanza kudondoka yenyewe juu ya majani, hakuna aliyemgusa. Zefania aliendelea kuimba peke yake kidogo, hajaelewa kwa nini wote wameinama kutazama chini.

"Bibi amekuitika," Mzee Nderingo akasema.

Mama akasogeza ndoo, akaketi, akakamua huku akiimba. Tangu ufariki hakuwa amemaliza wimbo huo. Siku hiyo aliumaliza.

Sasa waandaaji wameandika jina lako peke yake kwenye wimbo, na la Zefania limeondolewa. Kazini nimeambiwa nijieleze kwa maandishi. Nimeandika kwamba nilifuata utaratibu wa kwaya. Nasubiri jibu.

Mchungaji amekuja kuniomba nimsamehe. Nimemwambia nitalifikiria. Silifikirii. Zefania akipita mjini siku hizi, vijana wa bodaboda wanamsalimia, "Kaka, bibi hajambo? Anatoa lita ngapi?" Mimi hupunguza mwendo ili nisikie vizuri.

Pumzika, Dada yangu. Mama hajambo, bado wanamwita Mama Upendo, na akiitwa hivyo anaitika. Nanyokie anakamuliwa asubuhi na jioni. Nami nakuahidi jambo moja. Popote wimbo huu utakapoimbwa, kanisani, harusini, hata ugenini, nikiwapo nitasogea mbele kwanza nitaje aliyeutunga. Nitatetemeka, lakini watanisikia hadi nyuma.

Mdogo wako,
Tumaini