Nimebishana na Mama Mkwe Wangu Kwenye Komenti

Mama Jaël, jambo yako. Naomba unishike mkono, maana shimo hili nimelichimba mwenyewe.

Mimi ni mchomeleaji wa vyuma hapa Likasi, mke wangu ni Chérie, na kwa mila yetu mkwe hakai kuzungumza na mama mkwe wake, namsalimu kwa mbali nimeinamisha macho, sili mbele yake, neno langu kwake hupitia kwa Chérie, hivyo kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kujua Mama Émilienne anafikiri nini juu ya jambo lolote. Sasa mama huyo anaumwa, daktari aliwaita watoto pembeni akawaambia ini limeharibika na hatapona, nao wakakata shauri asiambiwe, kaka yao mkubwa Georges akatuapisha wote, na kila mara mama akiomba apelekwe Mwadingusha kumwona mdogo wake ambaye walitengana kwa ugomvi, anaambiwa ngoja upone kwanza.

Mimi nami nina ugonjwa wangu, wa kubishana Facebook. Kuna ukurasa mmoja wa watu wa Likasi ambapo kila Ijumaa hutupwa swali, mara anayenunua mawe ya madini yaliyochimbwa kwa kificho kwenye mgodi wa Shinkolobwe ana dhambi sawa na mchimbaji, mara kuiba dawa ya kumponya mtoto ni wizi au si wizi, nasi tunarukiana kama majogoo chini ya majina ya bandia, na swali la karibuni lilikuwa hili: mgonjwa asiyepona aambiwe au afichwe? Niliona kama swali limetoka nyumbani kwetu, nikatetea kuficha kwa nguvu zote, nikaandika kwamba chuma chenye ufa hakipigwi nyundo, na mtu mmoja anayejiita Pilipili ya Shamba akanipinga kila nilipogeuka, mpaka nikamwambia hana moyo na bila shaka hakuna mtoto wake anayemjali. Akanijibu kwa upole tu: "Mugonjwa anajua mwili yake. Batoto banamuficha, naye anabaficha kwamba anajua. Mu nyumba yote kunabakia bongo," yaani uongo mtupu.

Juzi umeme ulikatika upande wao, Mama Émilienne akatuma simu yake karakanani kwangu niichaji kwa jenereta. Nikaandika komenti nyingine ya kumpinga Pilipili, nikaituma, na papo hapo simu ya mama mkwe ikalia mezani, nikaona kwenye kioo jina langu la bandia na maneno niliyotoka kuyaandika. Mama, kumbe Pilipili ya Shamba ndiye mama mkwe wangu! Tangu arudishiwe simu ameandika mara moja tu: "Ndugu, kama ni mama yako, utamuambia kweli? Miye ningependa kuona mudogo yangu wakati miguu ingali inanibeba."

Sijamjibu. Nikisema navunja kiapo na mila, nikinyamaza atakufa bila kumwona ndugu yake, na aibu ya tusi langu inanila. Nimekwisha kuamua hatutaendelea hivi, ila sijui nianzie wapi. Nimjibu nini kwenye komenti?

Mkwe Mwenye Aibu, Likasi

*

Mkwe Mwenye Aibu,

Usimjibu kitu. Weka simu chini unisikilize.

Poleni kwa ugonjwa wa mama. Najua mliogopa kumvunja moyo, na woga huo umetoka katika upendo. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nanyi mmeyaficha hata kwa mwenye maradhi! Wewe unafundisha mji mzima mema na mabaya, halafu mama mkwe wako anaomba safari moja tu na unakubali aambiwe ngoja upone. Na hilo tusi la kwamba hajaliwi na watoto usingemwambia hata mlevi wa mtaa wa Kamatanda. Nimekasirika nawe, nakuambia wazi.

Kiapo cha Georges kisikutishe. Mwili ni wa mama, habari zake ni zake, hakuna aliyempa Georges ruhusa ya kuzifungia. Na mila unayoiona ukuta imekuonyesha mlango, umeusema mwenyewe: neno lako hupitia kwa Chérie. Basi leo, kabla ya chakula, mpe mkeo asome mabishano yote, pamoja na tusi lako, usifute hata neno. Atalia, mwache alie. Kisha yeye na kaka yake waende kwa mama, Chérie ndiye aseme, wewe ubaki nje. Georges akikataa, Chérie aende peke yake, naye alizaliwa na tumbo hilohilo. Kwa tusi lako, mtafute mzee wa ukoo apeleke kuku na maneno ya kuomba radhi, kama inavyofanywa siku zote. Halafu tafuta gari la Mwadingusha wiki hii hii. Mama na Chérie wakae nyuma, wewe mbele na dereva, utazame barabara, na mila itakuwa haijaguswa.

Sasa jambo ambalo hukuliona. Unadhani umejificha. Wachomeleaji wangapi wa Likasi hawawezi kubishana bila kutaja chuma na nyundo? Chérie hajawahi kumsimulia mama yake maneno yako ya karakanani? Na simu zinachajiwa kila kona ya mji wetu, lakini mama aliivusha yake mpaka mezani kwako, kisha akakuuliza, "kama ni mama yako". Siwezi kuapa, ila mimi naamini alijua anayebishana naye ni nani. Hana ruhusa ya kukaa nawe na kukuomba, kwa hiyo alikuomba pale mlipoweza kusemezana.

Swali lake si la komenti. Mjibu kwa gari mlangoni kwake.

Mama Jaël