Saa ya Marehemu, Huko Kawetele

Mama yangu, shikamoo.

Huku Kawetele mvua haikatiki. Bibi tuliyefikia kwake alitupikia ndizi, kisha tukaijaribu kamera yetu ya kutafutia mionzi sebuleni kwake, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Mionzi ya alfa haifiki mbali, ila huiachia hewa mwanga hafifu usioonekana kwa macho. Kamera huuona hata ukisimama mlangoni.

Tukauona kwenye saa ya marehemu mumewe, na kwenye kitambaa cha kuifutia. Kioo kilishavunjika, na kila asubuhi bibi huifuta ile mishale inayong'aa gizani kwa rangi ya zamani yenye mionzi ya sumu, kama mzee alivyokuwa akifanya. Tulipoifunga saa mfukoni ili iondolewe, aliomba aishike kidogo. Nikamkatalia.

"Mmeiona mkiwa mlangoni?" akauliza. "Basi na mimi nitamuaga nikiwa mlangoni. Ndaga," akamshukuru kwa Kinyakyusa, "mzee wangu. Asante."

Mama, saa ya baba nayo hung'aa gizani. Usiilaze tena chini ya mto wako. Itie kwenye mfuko, uufunge, unawe mikono. Nitakuja kuichukua mimi, asije akakunyang'anya mgeni.

Nakupenda, mama.
Mwanao, Tumaini