Gunia la Tatu

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Tumemzika jana. Leo nimerudi kazini. Mkuu wa shule amenipa siku moja tu – eti mimi na Mbonigaba hatukuwa tumefunga ndoa, kwa hiyo kwenye karatasi si mtu wangu. Si mtu wangu! Miaka minne. Jumamosi ya wiki ijayo watu wake walikuwa waje kwetu kuniposa rasmi.

Darasani sijalia. Nimelia chooni, halafu kwenye stoo ya maabara, katikati ya mizani mbovu. Kisha nikanawa uso nikaenda kusahihisha madaftari.

Jana makaburini Narcisse, rais wa koperative yao, ushirika wa baiskeli za kubeba viazi, alisema kanuni ni gunia mbili na marehemu alibeba tatu. Tamaa iyo, akasema. Alisema kwa sauti ya chini, lakini mama wa marehemu alisikia. Na mimi nilisikia.

Gunia la tatu ni langu.

Jumatano, 8 Oktoba

Niandike jinsi ilivyokuwa, nisije nikaanza kujidanganya.

Jumamosi nilipanda mlimani Mudende kwa shangazi, kuchimba viazi vya kupikia wageni wa posa. Mbonigaba alinikuta huko, magunia mawili ya watu tayari yamefungwa kwenye baiskeli. Nikamwambia aongeze langu. Akakataa. "Madame, mbili njo mwisho. Nitalirudilia kesho." Nikamcheka. Nikasema – mimi, mwalimu wa fizikia! – kupanda ndiko kugumu, kushuka mzigo unajishusha wenyewe. Akacheka naye. Akaliinua.

Mdomo wa gunia niliufunga mimi. Huku kila mwenye viazi hufunga gunia lake kwa kitambaa chake, ili sokoni lijulikane bila kuuliza. Changu kilikuwa kipande kilichobaki nilipashonewa gauni la kitenge, kijani chenye ndege wa njano. Nikapiga fundo langu la kujivuta mara mbili, nikashuka kwa gari. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, nimevua viatu, waliponipigia simu. Kwenye mteremko wa Nyakiriba alishindwa kukata kona. Akagonga ukuta wa mfereji.

Wenye magunia mawili wamekuja kuyachukua. Langu liko bado kwenye stoo ya koperative, Mbugangari. Halina mwenyewe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ratiba haijui msiba. Kipindi cha tatu leo: kani, tungamo na mchapuko. Darasani tunasema Kiingereza, lakini humu daftarini naandika lugha ya shule yangu ya msingi kule Karagwe, kabla baba hajaturudisha kwetu huku. Kani ni tungamo mara mchapuko. Kani ikiwa ile ile, ukiongeza tungamo, mwendo unabadilika polepole zaidi. Nimeandika ubaoni kwa mkono ulionyooka kabisa. Sijui niliupata wapi.

Nishimwe wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Akauliza: lori tupu na lori lililojaa, breki ni ile ile, lipi litasimama mapema? Nikasema tupu. Akauliza kwa nini, wakati lililojaa ndilo gumu kusukuma? Nikasema ni kwa sababu hiyo hiyo! Kilicho kigumu kuondoa ndicho kigumu kusimamisha. Wote wakaandika. Mimi nikafuta ubao.

Saa ya mapumziko nimefanya hesabu yenyewe. Yeye na baiskeli, kilo themanini. Gunia, hamsini. Na mawili: mia moja themanini. Na matatu: mia mbili thelathini. Breki yake ilikuwa kipande cha tairi chini ya kiatu, anakanyagia gurudumu la nyuma. Mteremko unavuta kila kilo. Mguu ni mmoja. Nimekadiria kani ya mguu ule: kwa mawili inaushinda mteremko, kidogo tu, na baiskeli inasimama. Kwa matatu mteremko unaushinda mguu. Anakanyaga kwa nguvu zake zote na mwendo bado unaongezeka.

Nimerudia mara nne, natafuta kosa. Hakuna. Miaka sita nafundisha hiki kitu!

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeenda kwa mama yake, Verediane. Nilikwenda kusema.

Nimemkuta mbele ya cherehani, hashoni. Kesho ni kuondoa matanga. Mwenzao akifa, watu wa koperative hupita kwao siku hiyo kwa mstari, kila mtu na baiskeli yake, wanapiga kengele. Wamemtumia ujumbe kwamba hawatakuja. Aliyevunja kanuni hapigiwi kengele.

"Mutoto yangu alikuwa na tamaa, Kabatesi?"

Nikafungua mdomo. Akanishika mkono, akasema ni mimi tu niliyebakia kwake. Nikamsaidia kuosha masahani, nikaondoka. Mwoga! Mwoga mkubwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika chumbani kwa Mbonigaba. Shati lake liko bado kwenye msumari. Wageni wamejaa uani.

Narcisse amekuja, bila kengele. Kaleta gunia. Kaliweka chini mbele ya watu wote, akasema halina mwenyewe, kwa hiyo lilikuwa la marehemu, mama alichukue. Nikasimama. Naapa nilisimama!

Verediane akainama, akashika kitambaa. Ni yeye aliyenishonea lile gauni, mwezi wa nane. Kipande kile alinikatia kwa mkasi wake. Akapitisha kidole juu ya ndege. Halafu akasema, hata bila kunitazama:

"Gunia ni yangu. Mi njo nilimuambia alete. Alikataa, nikamulazimisha. Mutoto yangu hakukuwa na tamaa."

Narcisse akavua kofia. Akaomba msamaha, akatuma watu waite wenzake. Wamekuja. Wamepita kwa mstari, kengele zote pamoja, na mimi nimekimbilia humu. Nyuma ya dirisha wanawake wawili wananong'ona kwamba mama mwenyewe ndiye kamuua mwanawe, kwa viazi!

Kengele zimekwisha. Verediane ananiita. Si kwa hasira – afadhali ingekuwa hasira. Anasema watu iko na njaa, nije na kisu tumenye. Gunia liko mbele yake, hajaligusa tena.

Ananiita mara ya pili. Kwa sauti, watu wote wanasikia.

"Kabatesi, kuya ufungue. Fundo hii we njo unaijua."

Nikilifungua mbele yao, watajua gunia ni langu. Kupitia pazia naona wote wamegeukia mlango huu.