Ukiitwa na Usiyemwona

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na mwani mwaka huu umekubali? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila nimekonda. Ugali wa huku bara bado haujanizoea.

Najua majirani wa Bwejuu wakikuuliza kazi yangu unajibu "misitu", mbwa huwataji. Sikulaumu, na nguo za sala nazitenga. Lakini hawa ni mbwa mwitu, wenye madoa na masikio ya mviringo, nao wamebaki wachache mno. Katika msitu huu hakuna aliyewahi kuthibitisha kuwa wapo. Tunafunga kamera mitini, zinapiga picha zenyewe kitu kikipita.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilikuwa peke yangu bondeni nikasikia "huuu", laini, vile vile ulivyokuwa ukiniita kutoka kwenye mwani maji yakijaa. Mdomo ukanitangulia, nikaitika: "Naam!" Ndipo nikakumbuka maneno yako: "Ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Anayekujua atakuita tena." Nikarudi kambini haraka.

Tulipoifungua kamera ya bondeni, picha ya kwanza ilikuwa yangu, ninapita. Ya pili ilikuwa ya mbwa mwitu, anafuata nyayo zangu. Daudi, mwenzangu wa kazi, hakucheka.

"Aliyepotelewa na wenziwe huita hivyo," alisema. "Na wewe ukamwitika."

Nilifurahi, kisha nikaogopa. Mkubwa wetu alisema mbwa mmoja ni mpita njia tu. Bila kundi, msitu utagawanywa kuwa mashamba. Basi kila asubuhi nikamsikiliza akiita, na hakuna wa kumjibu. Nilimwonea huruma hata chakula hakipiti.

Leo hakuita. Nikasimama bondeni na kinasa sauti, nikaita mimi, kwa sauti yako: "Huuu." Ng'ambo ya mto wakaitika, wengi. Mama, machozi yalinitoka. Kisha akaitika mmoja nyuma yangu, karibu kabisa. Sikugeuka. Akanipita ubavuni bila kunitazama, akavuka mto kwenda kwa wenziwe. Sauti zote nimezinasa, na msitu utapona, inshallah.

Nisalimie bibi aliyenifundisha Kurani, na mjomba wa Mbweni, mfuga kuku.

Ukinipigia simu, mama, anza na jina langu. Ile "huuu" nikiisikia sasa sitajua ni nani anayeniita.

Mwanao,
Pandu